Mtoto Akikosa Mpira, Tuangalie Miguu Kwanza

Mwezi huu siandiki juu ya mgao wala juu ya foleni ya maji, hayo mnayajua. Naandika juu ya watoto wanaozungusha mafagio nyuma ya nyumba na kupiga soksi zilizoviringishwa. Mama wawili wa bloku yetu wamenijia wakisema: "Baba, huu ni mchezo gani tena? Mtoto amevunja mti wa fagio, na anasema wewe ndiye uliyemfundisha." Ni kweli, ni mimi. Basi naomba nijieleze.

Mchezo unaitwa besiboli. Hapa kwetu umeletwa na watoto wanaosoma nje, hasa wale wa Jinja na Mbale, ambao hurudi likizo na mambo mapya kila mara. Mmoja wao ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 12. Anakaa na mama yake Walukuba, pale Jinja, na kila likizo ndefu anakuja kwangu. Wale wanaomjua wanajua kwamba si mtoto wa maneno mengi. Tangu tulipovuka mpaka alikuwa akijibu "ndiyo, mjomba" na "hapana, mjomba", basi. Halafu likizo moja akaja na kuanza kuongea. Aliongea juu ya besiboli kuanzia alipoteremka kwenye gari mpaka taa ilipozimwa. Mimi nilikuwa sielewi hata nusu, lakini nilimwacha aendelee, maana sauti yake nilikuwa nimeisahau.

Kwa asiyeujua mchezo, nieleze kidogo. Mrushaji anasimama katikati na kurusha mpira. Mpigaji anasimama na gongo (si lile la kwenye chupa, jamani) na kujaribu kuupiga kabla haujafika kwa mdakaji aliye nyuma yake. Akiupiga vizuri anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, na akirudi nyumbani salama timu inapata pointi moja. Akizungusha gongo na kukosa mara tatu, ametoka. Mpira ni mdogo kama chungwa, na ni mgumu.

Msidhani ni mchezo wa Wazungu peke yao. Ukivuka Nile kutoka Jinja kuelekea Kampala, ukapita msitu wa Mabira, unafika Lugazi, mji wa kiwanda cha sukari. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikwenda Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya watoto yanayoitwa Little League World Series. Ilikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Walifungwa na Panama, wakafungwa na Meksiko, kisha wakaishinda timu ya Oregon, Marekani, 3 kwa 2. Mwaka 2015 timu nyingine ya Uganda ilirudi pale pale na kuwafunga watoto wa Jamhuri ya Dominika 4 kwa 1, na Dominika ni nchi ambayo mtoto anazaliwa na gongo mkononi.

Hapo niongeze jambo moja nje ya mada, kwa sababu sisi wakimbizi linatugusa. Mwaka mmoja kabla ya Lugazi, yaani 2011, kulikuwa na timu nyingine ya Uganda iliyopata haki ya kwenda Williamsport. Haikwenda. Walinyimwa viza kwa sababu tarehe za kuzaliwa kwenye karatasi zao zilikuwa hazipatani. Watoto wa Langley, Kanada, waliokuwa wapambane nao, wakaja wenyewe Uganda mwezi wa Januari 2012 kucheza ile mechi iliyokosekana, na Waganda wakashinda 2 kwa 1. Mlioandika mwaka mmoja kwenye kadi ya mgao na mwaka mwingine shuleni, nadhani mmenielewa. Nendeni mkarekebishe.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu.

Siku ya Mbale

Jinja ni mji wa kriketi. Busoga College Mwiri na Jinja SSS zimelea wachezaji wa kriketi kwa miaka mingi, na timu ya taifa ya Uganda ilifika Kombe la Dunia la T20 mwaka 2024 na kuifunga Papua New Guinea kule Guyana. Kwa hiyo mtoto wa Jinja mara nyingi anashika gongo la kriketi kwanza, na mpwa wangu alianzia huko, na watoto wa mtaa, kwa ubao. Besiboli ilikuja baadaye, mwalimu mmoja kijana alipoanza kuwakusanya watoto jioni akiwa na glavu sita, kofia ngumu mbili na magongo mawili ya alumini.

Ikapangwa mechi ya kirafiki na watoto wa Mbale. Mimi nilikuwa Jinja kumsalimu dada, nikapanda basi pamoja nao. Ni mwendo wa saa tatu hivi kwa njia ya Tirinyi, mashamba ya mpunga huku na huku, mpaka unaona ukuta wa mlima wa Wanale umesimama juu ya mji. Mbale nilijisikia nyumbani kidogo, maana Kiswahili kinasikika sokoni kuliko Jinja.

Mtoto alipiga zamu nne. Zamu zote nne akatoka bila kuugusa mpira. Na si hilo lililoniumiza. Lililoniumiza ni sisi watu wazima. Mzazi mmoja anapiga kelele: "Inua kiwiko!" Mwingine: "Macho kwenye mpira!" Kondakta wa basi, ambaye sidhani aliwahi kuona besiboli siku nyingine yoyote, naye: "Piga kwa nguvu!" Na mimi, mjomba mtu, nikasimama na kusema, "Mbona unaogopa?" mbele ya watoto wenzake. Zamu ya nne alikuwa anatutazama sisi, hautazami mpira kabisa.

Kwenye basi aliegemeza kichwa dirishani. Tulipofika karibu na Iganga akasema, "Mjomba, mimi sichezi tena." Kisha akanyamaza, na ule unyamavu niliujua. Ulikuwa ule wa zamani.

Mwalimu aliyekaa kimya

Dada yangu alinilaumu, na alikuwa na haki. Siku ya pili nikaenda uwanjani kumwomba radhi yule mwalimu na kumwambia mtoto ameacha. Akacheka kidogo. "Mzee," akasema, "mlete tu kesho, hata kama hachezi. Na wewe njoo, lakini usiongee."

Nilikwenda na sikuongea. Mtoto alikuja kwa sababu mama yake alimtuma aniletee chakula, hiyo ilikuwa hila yetu. Mwalimu akamwomba amsaidie kupanga vifaa, halafu akamwambia azungushe gongo mara kumi bila mpira, "nione tu lile gongo kama limepinda." Kabla ya kila pigo mwalimu alisawazisha vumbi kwa tawi la mti. Baada ya kila pigo aliinama na kuangalia alama za miguu. Hakusema neno lolote. Mara kumi. Kisha akaniita nije nitazame.

Ndugu wasomaji, vumbi halidanganyi. Mpigaji wa mkono wa kulia anasimama ubavu, mguu wa kushoto ukiwa mbele, upande wa mrushaji. Mguu huo unatakiwa upige hatua fupi kuelekea kwa mrushaji, shubiri moja au mbili, utue polepole kama unakanyaga yai. Alama za mpwa wangu zilikuwa zinakwenda pembeni, mbali na njia ya mpira. Kila mara mguu ulikuwa unakimbia. Mguu ukikimbia, nyonga inafunguka mapema, bega linafuata, kichwa kinafuata bega, na gongo halina tena namna ya kufika mahali mpira unapopita. Mtoto anaonekana hauoni mpira, kumbe mwili wake umeshaondoka.

Mwalimu akamwuliza taratibu, "Mpira ulikupiga lini?"

Mtoto akatazama chini. Kumbe wiki mbili kabla ya safari ya Mbale, mpira ulimpiga mbavuni wakiwa wanacheza wenyewe bila mwalimu, na hakumwambia mtu. Hata mama yake hakujua. Na mimi nilikuwa nimemwuliza mbele ya watu kwa nini anaogopa! Sababu alikuwa nayo, na alama bado ilikuwa ubavuni.

Kwanza hofu, halafu gongo

Nilitegemea mwalimu ataanza na mikono, kiwiko, na yale yote tuliyokuwa tukipigia kelele. Wiki ya kwanza hakugusa mikono hata kidogo. Alichukua mipira ya soksi akawa anawarushia watoto wote makusudi, na kuwafundisha namna ya kupigwa: ukiona mpira unakujia mwilini, usirudi nyuma ukiwa umefungua kifua, bali geuka ndani, kidevu kwenye bega, mpe mgongo. Walicheka mpaka wakaanguka. Mpwa wangu naye alicheka. Baada ya siku tatu mguu wake ulianza kutulia wenyewe, bila mtu kumwambia neno juu ya mguu.

Kisha mwalimu akalitazama gongo. Yale mawili ya alumini yalikuwa msaada, na moja lilikuwa la mtu mzima. Watoto walilipenda hilo kwa sababu linang'aa. Kuna njia rahisi ya kupima: mtoto alishike gongo kwa mkono mmoja, kwenye mpini, alinyooshe pembeni usawa wa bega, na uhesabu polepole mpaka ishirini. Likianza kushuka kabla hujamaliza, ni zito kwake. La mpwa wangu lilishuka kwenye saba. Gongo zito linamfanya mtoto aanze mapema, alivute kwa mwili mzima na kulishusha bega la nyuma, na wewe mzazi unakaa unasema "mtoto hana nguvu". Mwalimu alimpa mti wa fagio. Mtoto alikasirika, eti ni kitu cha watoto wadogo. Mwalimu akamweleza kwamba watoto wa Dominika wanacheza mchezo wao mtaani kwa mti wa fagio na kifuniko cha chupa kubwa ya maji, na huo ndio unaowapa macho makali. Hapo akaukubali.

Kumbe kriketi nayo ilikuwemo

Miguu ilipotulia ndipo kosa la pili likaonekana. Pigo lake lilikuwa linatoka chini kwenda juu, kama anayechota maji. Kwenye kriketi mpira kwa kawaida unadunda chini kwanza, na gongo linaelekea chini na kuja wima. Mtoto anajifunza kushusha mikono na kuinamia mpira. Kwenye besiboli mpira haudundi, unakuja hewani kati ya magoti na kwapa, na gongo linaanzia juu karibu na bega la nyuma, kisha linazunguka karibu usawa na ardhi, likifuata njia ya mpira. Kwa hiyo mikono ya mpwa wangu haikuwa mibaya, ilikuwa imefundishwa kazi nyingine. Mwalimu alimwambia hivyo hivyo, na mimi niliona mabega ya mtoto yanashuka kwa raha. Ni tofauti kubwa kumwambia mtoto "unakosea" na kumwambia "hiyo ni ya kule, hapa tunafanya hivi".

Akamrekebisha mshiko. Watoto wengi wanalikamata gongo ndani ya kiganja, kama mpini wa jembe. Linatakiwa likae kwenye vidole, na vile vifundo unavyobishia hodi mlangoni vya mikono miwili vijipange mstari mmoja. Jaribuni hata sasa kwa fimbo yoyote. Mtaona vifundo vya mkono vinalegea na fimbo inakwenda kwa wepesi.

Jambo la nyonga lilitushinda wiki nzima. Mwalimu alisema nyonga itangulie, mabega yafuate, mikono ije mwisho. Mtoto alielewa kwa kichwa, lakini mwili ulikataa, mikono inakimbilia mbele na nyonga inabaki imesimama kama nguzo. Walijaribu ile njia ya zamani ya "ponda mende", yaani kusaga kisigino cha nyuma kama unaponda mdudu. Mimi naona ile njia ina shida, na walimu wengi siku hizi wameiacha, kwa sababu mtoto anakazana kusaga na uzito wote unabaki nyuma. Kisigino kinatakiwa kiinuke kwa sababu nyonga imegeuka, si kwa sababu mtoto amekikumbuka.

Aliyetatua hilo ni dada yangu, na hajui besiboli mpaka leo. Jioni moja tulikuwa uani Walukuba. Mtoto anazungusha fagio, mimi nanyamaza kama nilivyoagizwa. Dada akatoka na beseni la maji ya kufulia. Akasimama ubavu, akalirudisha beseni nyuma kidogo, akapiga hatua fupi, kiuno kikageuka, halafu mikono ikafuata na maji yakaruka mpaka kwenye migomba. Mtoto akaacha kuzungusha. "Mama," akasema, "mwaga tena."

Dada akasema, "Maji yameisha, wewe una wazimu?" Lakini alichota ndoo nyingine. Akamwaga mara tatu. Halafu mtoto akamwaga mwenyewe, mara ya kwanza maji yakamrudia tumboni kwa sababu alitumia mikono peke yake. Ya nne yakafika kwenye migomba. Akachukua fagio, akafanya vile vile, na sauti ya fagio hewani ikabadilika. Ile *fyu* ambayo ilikuwa inasikika nyuma ya bega sasa ilisikika mbele yake, pale mpira unapopita. Mwalimu alipoambiwa kesho yake alicheka sana, na sasa watoto wote wa kikosi kile wanafundishwa kumwaga beseni. Hapa kambini tunatumia beseni tupu, maana maji ni ya foleni.

Nyavu za Masese

Kosa la mwisho lilikuwa la mikono kweli, na lilichukua muda kuliko yote. Mtoto anainyoosha mikono mapema, gongo linakwenda kwenye duara kubwa mbali na mwili, kama mvuvi wa Masese anayerusha nyavu ziwani. Duara likiwa kubwa gongo linachelewa. Na kumbukeni, kwa watoto wa umri huu mrushaji yuko mita 14 tu. Mpira wa kasi ya kilomita 80 au 90 kwa saa unafika kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde. Ndani ya muda huo mtoto auone, aamue, na apige. Hakuna nafasi ya kurusha nyavu. Na hakuna nafasi ya kusikiliza mjomba anayepiga kelele.

Dawa yake ni uzio. Mtoto asimame akiutazama uzio wa mabua au wavu, aweke kitako cha gongo kitovuni na ncha iguse uzio. Hapo ndipo umbali wake. Sasa azungushe taratibu bila kuugusa uzio. Akinyoosha mikono mapema, ncha itaparuza na atajua mwenyewe, bila wewe kusema. Akiivuta mikono karibu na kifua na kuacha nyonga itangulie, gongo litapita. Tafadhali msitumie ukuta wa udongo wa jirani. Mimi nimeshalipa mmoja.

Baada ya hapo alipiga mpira uliosimama, juu ya kipande cha bomba la mpira kilichochomekwa kwenye kijiti kirefu mpaka usawa wa kiuno. Mipira ishirini, apumzike, ishirini tena. Mwalimu aliandika herufi kwenye mipira na kumwuliza baada ya kupiga ilikuwa herufi gani. Mtoto anayejua herufi hakuinua kichwa mapema. Hiyo ndiyo "macho kwenye mpira" yenye maana. Mpaka leo sijui sisi wa kandoni tulidhani yeye alikuwa akitazama nini.

Jambo ambalo mimi nililishika kuliko yote ni kwamba kila wiki ilikuwa na jambo moja tu. Wiki ya miguu, hakuna mtu kutaja mikono. Mzazi mmoja alikuja akasema "lakini kiwiko chake..." na mwalimu akamwambia, "Kiwiko kitakuja mwezi ujao, mama, karibu tena." Kiwiko hakikuja. Miguu na nyonga zilipokaa sawa, kiwiko kilijipanga chenyewe.

Mbale waja Jinja

Baada ya wiki saba watoto wa Mbale walikuja kulipa ile ziara. Mpwa wangu alipiga zamu nne tena. Ya kwanza alikosa mara tatu akatoka. Nilitaka kufunika uso, lakini mwalimu alinigusa bega akanionyesha vumbi: alama ya mguu wa mbele ilikuwa imenyooka kwa mrushaji, mara zote tatu. Alifurahia kutoka kule kuliko mimi nilivyofurahia kilichofuata. Zamu ya pili mrushaji alikosa shabaha mara nne, mtoto akapewa kituo cha kwanza bure, na alikuwa na subira ya kuiacha ile mipira mibaya. Ya tatu aliugusa, ukaenda moja kwa moja kwenye glavu ya mtoto wa Mbale. Ya nne aliupiga chini chini, ukapita kati ya watoto wawili, akakimbia na kusimama juu ya kituo cha kwanza huku akitafuta kwa macho mama yake alipo. Dada alikuwa anaongea na mwuza mandazi. Hakuona. Tulimsimulia wote kwa pamoja, na mtoto ndiye aliyesimulia zaidi.

Jinja walifungwa mechi ile, kama mnataka kujua.

Moja kati ya nne si aibu. Hata wanaolipwa mamilioni kule Marekani, mpigaji anayefanikiwa mara 3 kati ya 10 anahesabiwa ni hodari. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyelelewa kwenye chumba cha jengo la klabu ya besiboli ambako mama yake alikuwa mfanyakazi, mwaka 2017 alikuwa Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kukulia barani kufika ligi kuu. Alipiga vizuri zamu yake ya kwanza kabisa, na hata yeye baada ya hapo kupiga ndiko kulikomsumbua kuliko kudaka. Mchezo wenyewe ndivyo ulivyo. Mzazi anayetegemea mtoto apige kila mara atamchosha mtoto na kujichosha mwenyewe.

Hapa kwetu

Sasa watoto wetu wanaotaka kujaribu wako zaidi ya kumi, na wasichana ni karibu nusu. Kuna binti mmoja wa bloku ya pili, sitamtaja, ambaye nyonga yake inageuka vizuri kuliko ya mpwa wangu. Mama yake anasema ni kwa sababu ya kufua.

Tunacheza kwa mipira ya soksi tu. Mpira mgumu bila kofia ya kichwa hapana, na nikimkuta mtoto anarushiwa mawe ama machungwa mabichi nitakuja kwa wazazi. Vifuniko vya chupa vinafaa sana kwa mazoezi ya macho: mmoja anarusha kutoka hatua tano au sita, mwingine anapiga kwa mti wa fagio. Msitumie maharagwe, nimesikia kuna watoto wamejaribu, na mgao tunaujua. Mtoto anayengoja zamu asimame mbali na anayezungusha gongo, hatua kumi angalau, kwa sababu ajali nyingine hazitoki kwa mpira, zinatoka kwa gongo la mwenzako.

Wazazi mnakaribishwa kukaa na kutazama. Mnaotaka kusaidia, chukueni tawi, sawazisheni vumbi mbele ya mtoto, na mnionyeshe mnachokiona baada ya pigo. Ushauri wa mdomo tumeusimamisha mpaka mwezi ujao, ukiwemo wangu.

Mazoezi ni kila Jumamosi saa nne asubuhi, nyuma ya tangi la maji, mvua ikinyesha tunaahirisha. Mpwa wangu atakuwepo mpaka likizo iishe, na yeye ndiye anayefundisha beseni. Kila mtoto alete mti wa fagio uliolainishwa, usio na misumari. Soksi zilizopoteza mwenzake zinapokelewa nyumbani kwangu wakati wowote, zikiwa zimefuliwa.